Kovu Lisilokoma: Ufafanuzi wa Kiseli wa Keloidi kwa Kurejelea Mtaa wa Kamwokya, Kampala

Ikisiri

Makala hii inafafanua kinachotokea ndani ya ngozi pale jeraha linapopona kupita kiasi na kuzaa keloidi. Hoja yake kuu ni kwamba keloidi si kovu lililoharibika baada ya kupona, bali ni uponaji ambao haujakoma. Hoja hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuikata pekee aghalabu huirudisha, pengine ikiwa kubwa kuliko awali. Mtaa wa Kamwokya umetumiwa kuwa kielelezo cha mazingira ambamo ufafanuzi huu unahitajika.

1.0 Utangulizi

Kamwokya ni mtaa wenye msongamano mkubwa wa watu, ulio kandokando ya Barabara ya Kira jijini Kampala. Katika mtaa wa namna hii ngozi hukabiliwa na hatari nyingi ndogondogo: sindano ya kutobolea masikio, wembe wa kinyozi, sigiri ya makaa iliyopinduka, bomba la moshi la bodaboda linalounguza mguu wa abiria. Majeraha mengi hupona yakaacha alama hafifu. Machache huacha uvimbe mgumu, unaong'aa, unaowasha na kuuma, ambao huendelea kukua miezi au hata miaka baada ya jeraha kufunga.

Lugha yenyewe inachangia utata. Waganda husema *enkovu*, Waswahili husema *kovu*. Shina ni moja. Katika lugha zote mbili nomino hiyo hutaja jambo lililokwisha: jeraha limepona, alama imebaki. Maana hiyo inatosha kwa makovu mengi, lakini inapotosha inapohusu keloidi. Kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, haja ya kufafanua masuala ya afya kwa lugha hii si ya kinadharia tena.

2.0 Uponaji wa Kawaida

Ngozi inapokatwa, chembe sahani za damu hugandisha damu na papo hapo kutoa protini za kuita seli nyingine. Moja ya protini hizo hujulikana kwa kifupi kama TGF-beta. Kisha huja seli nyeupe, zikiwamo makrofaji, ambazo hula vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Hatua hii ya uvimbe huchukua siku kadhaa.

Hatua ya ujenzi hufuata. Wajenzi wakuu ni fibroblasti, seli zinazoishi katika tabaka la ndani la ngozi na kutengeneza kolajeni, yaani protini ya nyuzinyuzi inayoipa ngozi uimara. Baadhi yake hugeuka kuwa miofibroblasti, ambazo hujikaza mithili ya msuli na kuvuta kingo za jeraha zikaribiane.

Hatua ya mwisho ni ya marekebisho, nayo yaweza kuendelea kwa mwaka mmoja au zaidi. Vimeng'enya huvunja kolajeni iliyozidi, nyuzi hupangwa upya, na miofibroblasti nyingi hujiua zenyewe kwa utaratibu uliomo ndani ya seli. Kifo hicho ni sehemu ya afya: fundi aliyemaliza kazi huondoka. Kovu la kawaida, basi, ni matokeo ya mizani kati ya kujenga, kubomoa na kuondoka.

3.0 Mizani Inapovurugika

Ni muhimu kutenganisha hali mbili. Kovu nene huinuka juu ya ngozi lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na mara nyingi hunywea kadiri muda unavyopita. Keloidi huvuka mipaka hiyo na kuingia katika ngozi ambayo haikujeruhiwa, na ni nadra kupungua yenyewe. Ndiyo maana daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, aliipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa.

Ndani ya keloidi, fibroblasti huitikia TGF-beta kwa nguvu kupita kawaida na kuzalisha kolajeni kwa wingi, ikijikusanya katika mafungu manene yasiyo na mpangilio. Aidha, nyingi hukaidi amri ya kujiua. Seli za uvimbe, ambazo zingepaswa kuwa zimetawanyika, hubaki zikitoa ishara za kuchochea ujenzi. Miongoni mwake zimo seli zinazotoa histamini, ambayo ni mojawapo ya visababishi vya mwasho anaolalamikia mgonjwa.

Mvutano wa ngozi nao huchangia. Fibroblasti huhisi kuvutwa na kujibu kwa kuongeza kolajeni; kifua na mabega, ambako ngozi huvutwa kila mkono unaposogea, ni maeneo yanayoathirika sana. Hata hivyo, mvutano hauelezi kila kitu, kwa kuwa ndewe ya sikio haivutwi kwa kiasi hicho, ilhali nayo ni makao maarufu ya keloidi.

4.0 Rangi ya Ngozi na Urithi

Keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, hasa katika ujana. Kutokana na hali hiyo, imewahi kudhaniwa kuwa melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi, ndiyo chanzo. Uchunguzi wa madaktari wa ngozi wa Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha Waafrika wenye ualbino na wasio na ualbino. Katika makundi yote mawili keloidi ilipatikana kwa takribani watu 8 kati ya kila 100, bila tofauti ya maana. Wenye ualbino hawana melanini ya kutosha, lakini keloidi wanayo. Ushahidi huo unaelekeza macho kwenye jeni zinazorithiwa, wala si kwenye rangi.

5.0 Maana Yake kwa Mgonjwa

Chukulia mfano wa msichana aliyetobolewa sikio, akaota keloidi ukubwa wa punje ya hindi, ikakatwa, na baada ya miezi kadhaa ikarudi ukubwa wa ndimu. Ni rahisi kumlaumu mtoboaji kwa uchafu, mkataji kwa uzembe, au msichana mwenyewe kwa kutotunza kidonda. Maelezo ya kiseli yanatoa jibu jingine: kukata ni kujeruhi upya, na jeraha jipya huwaita wajenzi walewale wasiosikia amri. Keloidi zilizokatwa bila tiba nyingine hurudi kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa kati ya asilimia 45 na 100.

Kwa sababu hiyo, tiba hulenga kutuliza seli. Triamsinoloni, dawa inayopunguza uvimbe na uzalishaji wa kolajeni, huchomwa ndani ya keloidi yenyewe kwa kurudia kila baada ya wiki kadhaa. Yaweza kukondesha ngozi au kuipausha pale ilipochomwa. Upasuaji ukihitajika, huambatanishwa na sindano hizo, mgandamizo, vibandiko vya silikoni au mionzi. Hakuna tiba yenye uhakika kamili. Kinga ndiyo nafuu zaidi: mwenye keloidi, au aliye na jamaa wa karibu mwenye nayo, ashauriwe kuepuka kutoboa na kuchanja ngozi bila ulazima.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa keloidi si uchafu, si saratani, wala si ugonjwa wa kuambukiza, bali ni kazi ya uponaji isiyokoma. Inapendekezwa kwamba istilahi *keloidi* itofautishwe na *kovu nene* katika maandishi ya afya ya Kiswahili. Mgonjwa wa Kamwokya anayeambiwa tu kwamba ana kovu atatafuta wa kulikata. Anayeelezwa kwamba seli zake bado zinajenga ataelewa kwa nini anapaswa kurudi kliniki kwa sindano ya pili na ya tatu.