Kuhama Katikati ya Ubingwa

Daktari aliye mafunzoni kwa ubingwa nchini Marekani akidokeza kwamba anataka kuhama fani, wenzake humwonya anyamaze, mkurugenzi wa mafunzo asije akasikia. Ushauri huo unaumiza watu. Kwa kanuni za ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo haya, hospitali mpya haimpokei mpaka ipate uthibitisho wa aliyokwisha kufanya na tathmini ya umahiri wake kutoka anakotoka. Siri haitamfikisha popote.

Tena hakuna aibu. Mwanafunzi huchagua fani baada ya wiki chache wodini, mfumo unaoitwa Match humpangia hospitali mwezi Machi, na Julai yuko kazini. Upasuaji aliouonja akiwa mwanafunzi si ule wa kuamka saa kumi alfajiri kwa miaka mitano.

Kikwazo kisichojulikana na wengi ni fedha. Sehemu kubwa ya gharama za mafunzo hulipwa na Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Daktari anapoingia fani yake ya kwanza, Medicare humwekea miaka ya kulipiwa kikamilifu kulingana na urefu wa fani hiyo, isiyozidi mitano, na kuhama hakuibadilishi. Tuseme ameanza tiba ya familia, ya miaka mitatu, na baada ya mwaka mmoja akahamia upasuaji wa jumla, wa miaka mitano. Jumla atakaa mafunzoni miaka sita. Mitatu ya kwanza anahesabiwa mtu kamili. Mitatu ya mwisho, katika malipo ya moja kwa moja ya mafunzo, anahesabiwa nusu. Akitoka upasuaji kwenda tiba ya familia, tatizo hilo halipo. Kwa hiyo mkurugenzi wa mafunzo wa hospitali mpya anaweza kumpenda kwa dhati, ila watu wa hesabu wakasita.

Muda uliokwisha kutumika hupimwa na bodi ya kila fani. Mwaka wa upasuaji unaweza kukubaliwa kuwa mwaka wa msingi wa fani ya usingizi, asipoteze kitu. Akienda kwingine huenda akarudi karibu na mwanzo. Naye aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya J-1 huruhusiwa kubadili fani mara moja tu, ndani ya miaka miwili ya kwanza.

Wapo waliohama bila kupenda. Mwaka 2019 Hospitali ya Chuo Kikuu ya Hahnemann, Philadelphia, ilifungwa, na madaktari zaidi ya 550 waliokuwa mafunzoni wakahangaika kutafuta pa kumalizia. Serikali iliruhusu fedha za nafasi zao ziwafuate kwa muda. Anayehama kwa hiari hana haki hiyo: nafasi aliyoiacha hubaki mali ya hospitali ya zamani, naye hutegemea kiti kilichoachwa wazi kwingine, mara nyingi na daktari mwingine aliyeondoka kama yeye.