KABLA HUJANUNUA RAV4 ILIYOTUMIKA

Mavuno yameuzwa na fedha ziko mkononi. Unafikiria kununua gari. Gari lenyewe ni lile dogo lililoinuka, Toyota RAV4. Linabeba watu watano na mizigo kidogo. Linapita kwenye makorongo kuliko gari la chini. Bei yake ni nafuu kuliko ya Land Cruiser. Yote hayo ni kweli. Lakini bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Wako watu waliotoa fedha za misimu miwili, na sasa gari limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake.

GARI LIMETOKA WAPI?

RAV4 nyingi tunazoziona Tanzania zilitumika kwanza Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Huko, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa. Gari likizeeka, mwenyewe huona heri aliuze. Ndipo linapopakiwa melini.

RAV4 ya kwanza ilitoka mwaka 1994. Ya pili ilitoka mwaka 2000. Ya tatu ilitoka mwishoni mwa mwaka 2005. Usiseme RAV4 ni RAV4. Kila moja ina magonjwa yake.

Ile ya kwanza ina mkanda wa mpira ndani ya enjini, unaoitwa mkanda wa taimingi. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, gari huzima papo hapo. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akisita, hesabu kwamba haujabadilishwa, na fedha za kuubadilisha zitoke mfukoni mwako.

Ile ya pili, iliyotengenezwa kwa matumizi ya Japani yenyewe, ikiwa ni ya lita 2, mara nyingi ina enjini ya D-4. Fungua boneti usome. Utaona maandishi hayo juu ya enjini. Enjini hii hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa sana. Kwenye lami na petroli safi inafanya kazi nzuri. Sisi wa vijijini mara nyingine tunanunua petroli ya kwenye chupa na madumu. Humo mna vumbi, maji, pengine hata mafuta ya taa. Pampu ya D-4 haistahimili uchafu huo. Masizi nayo hujaa kwenye njia ya hewa. Matokeo yake gari hutetemeka likiwa limesimama, na asubuhi hukataa kuwaka. Si kila fundi anaiweza. Kama mji ulio karibu nawe hauna fundi wa D-4, mimi naona ni afadhali kuiacha.

Ile ya tatu yenye enjini ya lita 2.4 haina pampu hiyo. Lakini baadhi ya enjini hizo hula oili. Pima oili mara kwa mara, usingoje taa iwake.

JE, MAGURUDUMU YOTE MANNE YANASUKUMA?

Watu wengi hudanganyika hapa. Si kila RAV4 husukuma kwa magurudumu manne. Iko RAV4 ya pili yenye enjini ya lita 1.8 ambayo husukuma kwa magurudumu ya mbele tu. Kwa nje zinafanana. Soma namba ya chesisi kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Ikianza na herufi ZCA, basi ni hiyo. Inama pia uangalie chini ya gari. Kama hakuna mtaimbo mrefu, yaani propela, unaokwenda nyuma mpaka kwenye difu, masika utakuja kukwama.

Na kama yote manne yanasukuma, matairi yote yawe ya kipimo kimoja na yamelika sawasawa. Usifunge mawili mapya makubwa nyuma na mawili makuukuu mbele. Magurudumu yatazunguka kwa mwendo tofauti, na vyuma vinavyogawa nguvu mbele na nyuma vitapata joto na kuharibika.

NENDA ASUBUHI

Mwambie muuzaji unakuja asubuhi, naye asiwashe gari kabla hujafika. Enjini iliyopoa haifichi ugonjwa wake. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji.

Kwanza fungua rejeta, enjini ikiwa baridi. Maji yakiwa na rangi ya kutu, gari limewekewa maji ya kisima kwa miaka mingi badala ya dawa ya rejeta. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya enjini. Hapo aga uondoke. Muulize pia kama thamostati imeondolewa. Mafundi wengine huiondoa ili gari lisichemke, kumbe rejeta ndiyo imeziba. Gari la namna hiyo hula petroli zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Sasa liwashwe. Moshi wa buluu maana yake linaunguza oili. Moshi mweusi maana yake linakula petroli kupita kiasi. Kanyaga breki, weka gia ya mbele, kisha ya nyuma. Likishtuka kwa kishindo au likichelewa kushika, giaboksi ina shida. Huko Marekani RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilijulikana kwa ugonjwa huu, na mara nyingi chanzo kilikuwa kompyuta ya gari. Kwa hiyo fundi apime kwa mashine kabla hajafungua giaboksi.

Usiiamini mita ya kilomita peke yake, kwa sababu huweza kurudishwa nyuma. Mita ikisema kilomita 60,000, lakini mpira wa pedali ya breki umelika na usukani unang'aa, uamini mpira. Chini ya gari tafuta kutu. Sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, humwaga chumvi barabarani, na chumvi hula chuma.

PIGA HESABU KWENYE DAFTARI

Chukua kalamu. Tuseme kijiji chako kiko kilomita 60 kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni kilomita 120. Kwenye barabara ya vumbi, kadiria kilomita 10 kwa lita moja. Safari moja ni lita 12. Ukienda mara 4 kwa mwezi ni lita 48. EWURA hutangaza bei kikomo ya petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zidisha bei hiyo kwa 48, uone mwenyewe.

Ongeza oili, kama lita 4, pamoja na chujio lake, kila kilomita 5,000. Ongeza bushi na shokapu, maana barabara zetu haziziachi salama. Ongeza bima, ambayo ni lazima kwa sheria. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo hapo huendi kupanga foleni, bali unailipa kila unapojaza tangi.

Jumla ikizidi kile gari litakachokuingizia, kodi gari la mwenzako siku ya mizigo.

Kama hesabu imekubali, basi angalia kadi ya gari. Jina liwe la huyo anayekuuzia. Namba ya chesisi kwenye kadi ifanane na ile ya kwenye kibati, herufi kwa herufi. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, mwende TRA kubadilisha jina. Fedha zikae kwako mpaka hayo yawe tayari.