Kontroli Boksi Zinapoacha Kusikilizana

Swichi ya vioo kwenye mlango wa dereva wa gari la kisasa mara nyingi haipeleki umeme kwenye mota ya kioo cha abiria. Hupeleka ujumbe tu. Ujumbe huo hupokelewa na kompyuta ndogo ambayo mafundi huiita kontroli boksi, nayo ndiyo huiamuru mota ishushe kioo. Milango, taa, wipa, honi, king'ora, viti vya umeme na sehemu kubwa ya dashibodi huendeshwa kwa mtindo huohuo: boksi kadhaa zilizotawanyika garini huzungumza kupitia waya mmoja au nyaya mbili. Mazungumzo hayo yakikatika, kifaa kizima kabisa huonekana kimekufa, na hapo ndipo fedha nyingi za wenye magari hupotelea.

Mtindo huu ulizaliwa kwa sababu ya uzito na fujo ya nyaya. Kila kifaa kipya kilidai waya wake, hadi fungu la nyaya ndani ya gari la kifahari likawa mzigo kwa waundaji wenyewe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kulishughulikia tatizo hilo mwaka 1983, na mwaka 1986 ikautangaza mtandao wa CAN mbele ya wahandisi wa magari mjini Detroit, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingia kwenye magari makubwa ya Mercedes-Benz, na mwaka 1993 ukapewa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Toyota walikuwa na mtandao wao wa bodi ulioitwa BEAN, wa waya mmoja na wa mwendo wa polepole, ambao bado unakutwa kwenye baadhi ya magari ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yanayotembea barabara za Afrika Mashariki. Kwa vifaa vidogo, kama swichi za vioo na mota za wipa, magari mengi sasa hutumia LIN, waya mmoja wa gharama nafuu usiozidi kilobiti 20 kwa sekunde.

Katika CAN, nyaya mbili husokotwa pamoja. Mtandao ukiwa kimya, kila mmoja huwa na takriban volti 2.5. Boksi inapotuma ujumbe, waya mmoja hupanda hadi kama volti 3.5 na mwingine hushuka hadi kama 1.5. Boksi zinazopokea hupima tofauti kati ya nyaya hizo mbili, si volti ya waya mmoja peke yake. Ndiyo maana kelele za umeme kutoka plagi za injini au altaneta hazivurugi mawasiliano kirahisi: huzigusa nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, na tofauti hubaki palepale. Ujumbe wenyewe hauna anwani. Ni kama tangazo la kipaza sauti stendi: wote hulisikia, lakini wanaonyanyuka ni abiria wa basi lililotajwa. Boksi mbili zikianza kutuma kwa wakati mmoja, yenye ujumbe wa namba ndogo huendelea na nyingine husubiri zamu.

Kuna kanuni moja ya CAN ambayo imewapoteza mafundi wengi. Kila boksi hujihesabia makosa yake ya kutuma, na hesabu ikivuka 255 hujitoa yenyewe mtandaoni ili isizisumbue nyingine. Boksi hiyo ikipimwa kwa mashine haijibu, na hukumu ya haraka ni kwamba imekufa, kumbe imenyamaza kwa sababu ya waya mbovu ulioko mita mbili kutoka ilipofungwa.

Dalili za mawasiliano kukatika ni za ajabu kidogo kwa asiyezizoea. Taa nyingi za tahadhari huwaka kwa pamoja kwenye dashibodi. Senta loki hufanya kazi asubuhi ikagoma mchana. Mshale wa mwendo hulala sifuri gari likiwa linakwenda. Katika magari kadhaa taa kubwa huwaka zenyewe, au wipa huanza kupiga kioo kikavu. Hilo la mwisho si shoti. Limepangwa kiwandani, kwa hoja kwamba boksi isiyosikia amri ni heri imwachie dereva mwanga na kioo kinachofutwa kuliko kumwacha gizani kwenye mvua. Dalili nyingine ni betri kuisha usiku. Mtandao wa bodi hutakiwa kulala dakika chache baada ya gari kufungwa, na boksi moja isiyolala huzikesheza nyingine zote.

Uchunguzi huanza kwa kusoma koda. Koda za hitilafu za mawasiliano huanza na herufi U, na mfano unaokutwa mara nyingi ni U0140, yaani mawasiliano na kontroli boksi ya bodi yamepotea. Koda hii haisemi kwamba boksi ya bodi imeharibika. Imeandikwa na boksi nyingine, iliyosubiri ujumbe usiofika. Kwa hiyo fundi makini huangalia nani anamlalamikia nani. Boksi nne zikiilalamikia moja, wa kuchunguzwa ni hiyo moja pamoja na umeme na nyaya zake. Zote zikilalamikiana, tatizo liko kwenye njia kuu. Koda ikiwa ya zamani na isirudi baada ya kufutwa, huenda ilitokana na betri iliyokuwa dhaifu siku moja tu.

Umeme na ethi hupimwa kabla ya waya wa mawasiliano, na hapa haraka huponza zaidi ya mahali pengine popote. Boksi isiyopata umeme wa kutosha haizungumzi, hata kama nyaya zake za CAN ni safi. Kupima ethi kwa omu peke yake hudanganya: waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba bado unaweza kusoma karibu na sifuri, lakini ukibebeshwa mzigo unashindwa. Kipimo cha kuaminika ni volti zinazopotea kati ya ethi ya boksi na temino hasi ya betri wakati vifaa vinafanya kazi. Zikifika nusu volti, kuna bolti yenye kutu au waya uliooza.

Baada ya hapo multimita huhamia kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi, yenye pini 16. CAN hutumia pini ya 6 na ya 14. Umeme wa betri uko kwenye ya 16, ethi kwenye ya 4 na ya 5. Betri ikiwa imefunguliwa, pini ya 6 na ya 14 hutakiwa kusoma takriban omu 60. Hesabu yake ni rahisi: kila mwisho wa mtandao una rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba hutoa 60. Ikisoma 120, mwisho mmoja hauonekani, kwa hiyo waya umekatika au boksi yenye rezista hiyo imechomolewa. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ikisoma 40, mtu ameongeza rezista ya tatu, jambo linalotokea boksi ya gari jingine inapofungwa bila kulinganishwa.

Kuna mtego hapo. Katika magari mengi mapya soketi huishia kwenye boksi ya kati inayogawanya mitandao, kwa hiyo omu 60 nzuri pale haisemi lolote kuhusu mtandao wa bodi ulio nyuma yake. Huo hupimwa kwenye plagi zake wenyewe. Na taa ya testa ya balbu isiguse kabisa nyaya hizi, kwa kuwa huvuta umeme kuliko mtandao unavyostahimili.

Njia kuu ikithibitika kuwa na kasoro, plagi za boksi huchomolewa moja baada ya nyingine huku multimita ikiangaliwa. Kipimo kikirudi sawa ghafla, tawi lililochomolewa mwisho ndilo lenye kasoro. Mara nyingi boksi yenyewe ni nzima. Mahali panapofaa kutazamwa mapema ni mpira wa mkunjo kati ya mlango wa dereva na bodi, ambamo nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Ukivutwa nje, ganda la waya huonekana zima, lakini likibonyezwa kwa vidole linalegea: shaba ndani imekatika. Maeneo mengine ni chini ya zulia la miguu maji yanapotuama, plagi zenye kutu ya kijani, nyaya zilizotafunwa na panya, na king'ora au kifaa cha kufuatilia gari kilichounganishwa kwa kumenya waya na kuufunga kwa utepe.

Waya wa CAN ukiunganishwa upya, msokoto wake hurudishwa hadi karibu kabisa na kiungo. Ukiachwa mrefu bila kusokotwa, kinga yake dhidi ya kelele hupungua. Kubadilisha boksi ni hatua ya mwisho, tena boksi nyingi hudai kuandikishwa kwa mashine kabla ya kukubaliwa na gari. Mwenye gari anayeambiwa kontroli boksi imekufa aulize maswali mawili kabla ya kulipa: umeme na ethi vilisoma volti ngapi kwenye plagi ya boksi hiyo, na nyaya za mawasiliano zilisoma omu ngapi? Fundi asiye na majibu hayo bado hajaipima.