Mkono wa mzee sahanini

Mji wa Sake, mashariki mwa Kongo, uko kama kilomita 25 magharibi mwa Goma, pale njia zinapoachana kwenda Masisi, Kitshanga na Minova. Februari 2024 mapigano yaliwafukuza wakaaji wake wengi hadi kambi za kandokando ya Goma. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wa Sake, na mwezi uliofuata kambi zile zikavunjwa. Katika mahangaiko hayo ya kwenda na kurudi jamaa walitawanyika, na wapo wazee waliobaki kupika chungu cha mtu mmoja. Lishe yao huanza kuharibika hapo, hata unga ukiwepo.

Kijana anatosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwili wa mzee huitumia protini vibaya zaidi, ndiyo maana wataalamu humshauri apate gramu 1 hadi 1.2. Bibi wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Bugali wa muhogo haumpi karibu chochote. Maharagi yangempa, ila maharagi makavu hukaa motoni saa mbili na zaidi, na nani atachoma makala yote hayo kwa kikombe kimoja? Anasonga bugali, anaonja sombe, majani ya muhogo, ikiwepo, analala. Baada ya miezi mapaja yamekonda, kuinuka kwenye kigoda ni kazi, na majirani wanasema ni uzee. Huenda ni njaa.

Halafu kuna hamu. Pua na ulimi wa mzee vimefifia, meno yamepungua. Mwanasaikolojia wa Marekani John de Castro alionyesha kwamba watu wakila pamoja hula zaidi kuliko mtu akila peke yake, hasa kwa sababu mlo huchukua muda mrefu: wanaongea, na mkono unarudi sahanini. Na madhara ya upweke hayaishii kwenye chakula: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa upweke unahusika na vifo 871,000 hivi kila mwaka.

Lakini sahani ya pamoja nayo ina dhuluma yake. Mzee anatafuna polepole. Akimeza tonge la tatu, wajukuu wameshamaliza sambaza, wale samaki wadogo, na heshima yake haimruhusu kulalamika. Akae nao, ila kitoweo chake kiwe kwenye kibakuli cha pembeni. Sambaza kavu zitwangwe pamoja na mifupa yake, ambayo ndiyo yenye kalsiamu, zichanganywe katika maharagi yaliyopondwa. Wasio na jamaa wanaweza kuchanga maharagi, watatu wanne, chungu kimoja, makala kwa zamu.

Kwenye misaada, mkanda wa kupima utapiamlo mkononi kwa kawaida hufungwa kwa watoto chini ya miaka 5 na kwa mama wajawazito au wanaonyonyesha. Mzee hupita bila kupimwa. Na ukimuuliza kama amekula, atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Afadhali umuulize jana alikula na nani, na ni nani aliyepika.