Fahamu: Kwa nini kosa dogo huamua mechi ngumu za shule

St. Anthony's ya Kitale ni miongoni mwa shule zinazoogopwa katika kandanda ya Kenya. Kwa kuwa iko Trans Nzoia, hucheza kanda ya Bonde la Ufa, huku shule za Bungoma zikipambana kanda ya Magharibi. Kukutana kwao kwenye michezo ya shule husubiri ngazi ya taifa. Huko vipaji hukaribiana, na anayekosea kwanza hulipa.

Tazama, kwa mfano, urushaji wa mpira kutoka pembeni. Sheria yataka mikono miwili, mpira upite juu ya kichwa kutoka nyuma, miguu ikanyage chini. Ukikosea, wapinzani wanarusha. Tena mchezaji anayepokea mpira uliorushwa moja kwa moja haotei, jambo ambalo mabeki chipukizi husahau: wanasimama wakimwinulia refa mkono, na bao linaingia. Kipa naye, tangu sheria za msimu wa 2025/26, akidaka mpira na kuushikilia zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona.

Makocha, mambo haya yafanyieni mazoezi kabla ya mbio za kuchosha. Na kwenye uwanja wenye mashimo, ambako mpira hudunda ovyo, anzeni na mguso wa kwanza.