Somo la Sita: Kuhesabu Molekuli za Gesi

MTANGAZAJI: Shikeni kalamu na karatasi, maana leo kuna hesabu. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Ahsante, Bwana. Wasikilizaji, mara kwa mara twasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, mlango na madirisha yamefungwa, na asubuhi wakakutwa wamekufa. Wengine husema ni mkono wa mtu. Leo tutaihesabu sumu yenyewe, tuone ni mkaa kiasi gani utoshao kuua.

Na tuanzie dukani. Mwenye duka hahesabu punje za mchele, huzipima kwa mizani. Vitu vingine huvifunga kwa mafungu: dazani ni 12, korija ni 20. Wataalamu wa kemia nao wana fungu lao, huitwa moli. Kwa kuwa molekuli, yaani chembe za gesi, ni ndogo mno, fungu lao ni kubwa mno: moli moja ni 602 ikifuatwa na sifuri 21.

MTANGAZAJI: Ni nani awezaye kuzihesabu zote hizo?

MWALIMU: Hakuna. Nasi twapima, kama mwenye duka. Moli moja ya kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mkaa, ina uzito wa gramu 12. Ukiisha kupima gramu 12, umekwisha kuhesabu.

Kwa gesi, njia ni nyepesi zaidi. Mwaka 1811 Mwitalia Amedeo Avogadro alieleza kwamba gesi zo zote zenye ujazo sawa, zikiwa katika joto moja na mgandamizo mmoja, zina molekuli idadi sawa. Katika gesi molekuli zimeachana mbali sana, kwa hiyo ukubwa wa kila moja si kitu. Katika joto la pwani, nyuzi 30 za Sentigredi, moli moja ya gesi yo yote huchukua karibu lita 25.

Sasa andikeni. Chumba kina urefu wa meta 4, upana meta 2.5, na kwenda juu meta 2.5. Zidisheni: ni meta za ujazo 25, yaani lita 25,000. Gawanyeni kwa 25. Chumba kina moli 1,000 za hewa, na kati ya hizo karibu 210 ni za oksijeni.

Mkaa ukiwaka penye hewa ya kutosha, kila atomi ya kaboni hushika atomi mbili za oksijeni. Hewa isipotosha, hupata moja tu, ikawa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hutoka hata katika makaa mekundu yasiyo na moshi. Kila atomi ya kaboni hutoa molekuli moja ya sumu. Basi gramu 12 za kaboni zaweza kutoa moli moja ya sumu: moja katika elfu ya hewa ya chumba chetu.

MTANGAZAJI: Moja katika elfu, Mwalimu! Mbona ni kidogo?

MWALIMU: Ni kidogo kwa macho, si kwa damu. Damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Chumbani pana molekuli 210 za oksijeni kwa moja ya sumu. Ona jinsi mizani inavyolingana! Mtu akiendelea kuvuta hewa hiyo, mwisho karibu nusu ya uwezo wa damu yake kubeba oksijeni, au zaidi, utakuwa umetekwa na sumu. Kwanza huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Baada ya saa chache aweza kufa. Aliyelala halisikii onyo hilo.

MTANGAZAJI: Lakini si kaboni yote igeukayo sumu.

MWALIMU: Kweli. Tuseme ni sehemu moja tu katika kumi. Zatakiwa gramu 120 za kaboni. Na kwa kuwa mkaa si kaboni tupu, tuseme gramu 150 za mkaa. Mkaa huo haujazi kopo la lita moja. Katika chumba kilichozibwa kabisa, huo watosha.

Basi, jiko lilale nje mpaka makaa yamekuwa majivu baridi. Bakuli la maji kando ya jiko halifai kitu, kwani gesi hii haiyeyuki vema katika maji. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje penye hewa safi, kisha umpeleke hospitali mara moja.



ZOEZI. Chumba kina urefu wa meta 3, upana meta 2, na kwenda juu meta 2.5. Kina moli ngapi za hewa? Ni gramu ngapi za kaboni, zikigeuka sumu zote, zitakazotoa moja katika elfu?

JIBU. Moli 600, gramu 7.2.