Jiwe, Ziwa na Msitu: Jinsi Masimulizi Yanavyoshikamana na Mahali Patakatifu

Mtahini akikupa kisa kifupi kuhusu ziwa lililomeza kijiji, swali la kwanza huwa karibu kila mara ni lile lile: tambua utanzu, kisha uthibitishe jibu lako. Kutambua si kazi ngumu. Kuthibitisha ndiko kunakowashinda wengi. Mtahiniwa huandika kwamba ni kisasili kwa sababu kina mambo ya ajabu, akaishia hapo, ilhali mambo ya ajabu yamo pia katika khurafa, katika ngano za mazimwi na hata katika mighani. Katika sehemu hii ya mwongozo tutatazama kilicho nyuma ya visa vya aina hii: kwa nini jamii huchukua hadithi ikaifunga kwenye mlima, jiwe, mti, ziwa au msitu, na hadithi ikishafungwa hapo hufanya kazi gani. Ukilielewa hilo hutakuwa na haja ya kukariri orodha ndefu ya sifa.

Kijiji kilichozama

Karibu na mji wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Liko hatua chache tu kutoka Ziwa Victoria, lakini maji ya maziwa haya mawili hayafanani hata kidogo. Ziwa Victoria lina maji matamu na samaki. Simbi lina maji ya magadi, rangi ya kijani, na misimu mingine heroe hujaa ukingoni wakitafuta chakula. Umbo lake ni karibu duara. Mwalimu wako wa jiografia atakuambia ni kasoko ya volkano, na yuko sahihi.

Wajaluo wana maelezo mengine. Usiku mmoja palikuwa na sherehe kijijini, watu wakila, wakinywa na kucheza. Akaja ajuza mgeni, amechakaa, ana njaa na baridi, akaomba chakula na mahali pa kuota moto. Akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, akampa chakula na kumsitiri. Ajuza akamwonya amchukue mumewe waondoke usiku ule ule. Mume, pombe imemkolea, akakataa kuiacha sherehe. Mwanamke akaondoka. Mvua ikanyesha isivyowahi kunyesha, na kulipokucha hapakuwa na nyumba, mtu wala mnyama; palikuwa na maji. Jina Simbi Nyaima hufasiriwa na wenyeji kuwa kijiji kilichozama.

Kisa hiki kina matoleo mengi. Wengine watakuambia ajuza aliomba pombe, wengine chakula. Usibabaike, kubadilika kwa kisa kutoka kwa fanani hadi kwa fanani ni sifa ya fasihi simulizi, na ukiitaja sifa hiyo kwa mfano huu utapata alama.

Sasa tazama jinsi kisa kinavyolikaa ziwa, kama nguo iliyopimwa kwa fundi. Ziwa lina umbo la karibu duara: boma la Kijaluo la zamani nalo lilikuwa la mviringo, limezungushiwa ua. Maji yake hayanyweki, japo ziwa kubwa la maji matamu liko jirani: mahali palipomnyima mgeni chakula sasa hapampi mtu maji ya kunywa. Na ziwa limekaa peke yake ndani ya shimo lake, kana kwamba lilitokea ghafla: kisa kinasema lilitokea kwa usiku mmoja. Kila ajabu ya mahali ina jibu ndani ya simulizi. Kisa hiki hiki ungekipeleka ukingoni mwa Ziwa Victoria kingepwaya, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulitazama ziwa lisiloonekana ng'ambo akafikiria boma moja.

Huenda umegundua jambo jingine: umewahi kukisikia kisa kinachofanana na hiki. Sodoma na Lutu, bila shaka. Wayunani wa kale nao walisimulia juu ya wazee wawili waliowakaribisha miungu waliojigeuza wasafiri, na majirani wao wachoyo wakagharikishwa. Kiunzi cha mgeni aliyefukuzwa na adhabu ya maji kinapatikana kwingi duniani. Mahali ndipo panapokipa kiunzi hicho mwili na ushahidi. Msimulizi wa ngano ya kawaida huanza kwa kukutoa ulipo: paukwa, pakawa, hapo zamani za kale. Fomyula hiyo inakuambia usiulize ni wapi. Msimulizi wa Simbi hana haja ya paukwa. Hunyoosha kidole akasema, pale. Andika tofauti hiyo kwenye daftari lako, kwa maana ndiyo inayotenganisha kisa cha mahali patakatifu na ngano ya jioni, na ni hoja ambayo watahiniwa wachache huitoa.

Jina na hadithi, kipi kilitangulia?

Ukisafiri kutoka Kisumu kuelekea Bondo, utayaona majabali ya Kit Mikayi, katika eneo la Seme, yamepandana juu angani kama mtu aliyeyapanga kwa mkono. Katika Kijaluo kidi ni jiwe, nalo neno hilo hugeuka kit likiwa ni jiwe la fulani. Mikayi ni mke wa kwanza. Kwa hiyo, jiwe la mke wa kwanza.

Kwa nini liitwe hivyo? Wenyeji wana majibu zaidi ya moja. Kisa kinachojulikana zaidi kinamhusu mzee aliyeitwa Ngeso, aliyelipenda jiwe lile hata kila asubuhi akaenda kushinda pangoni, mkewe akilazimika kumpelekea chakula huko huko. Watu walipomuuliza mkewe mumewe yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Jibu la kijembe likawa jina. Maelezo mengine yanayatazama majabali yenyewe: lile kubwa ni mikayi, linalofuata ni nyachira, yaani mke wa pili, jingine ni reru, mke wa tatu. Hapo majabali yanakuwa mpango wa boma la mume mwenye wake wengi, kila mke na nafasi yake.

Maoni yangu ni kwamba hatuna haja ya kuchagua. Jina likishashika, hufanya kama msumari ukutani: unaweza kuangika koti hili leo na kesho lile. Kinachokaa ni msumari. Ndiyo maana hata dini mpya hazikuliacha jiwe hili. Waumini wa Legio Maria huenda Kit Mikayi kusali na kufunga. Imani imebadilika, ila miguu bado inafuata njia ile ile.

Tendo ndilo linaloilinda hadithi

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo zito zaidi. Hadithi isiyotendewa lolote husahaulika upesi. Ile inayoambatana na tambiko, mwiko au kiapo hudumu, kwa sababu kila mara tendo linapofanywa mtoto fulani atauliza kwa nini, na mtu mzima atalazimika kusimulia.

Misitu ya kaya ya Wamijikenda ndiyo mfano bora nchini. Wamijikenda husimulia kwamba wazee wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakafukuzwa na maadui, wakashuka pwani na kujenga miji yao, yaani kaya, katikati ya misitu minene juu ya vilima. Katika kila kaya walifukia fingo, kago la ulinzi walilokuja nalo. Watu walihama kaya pole pole wakaenda kulima nje, lakini misitu ikabaki kuwa makao ya mababu na mahali pa maombi. Miiko ikabaki pia: usikate mti, usiokote kitu ukaondoka nacho, usiingie bila idhini ya wazee wa kaya. Ukienda Kaya Kinondo, kule Kwale, utafungwa nguo nyeusi kabla ya kuingia, hata kama umetoka mbali na hujui neno moja la Kidigo.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu Shungwaya. Wapo wanaoona kwamba ni kumbukumbu ya uhamaji wa kweli, na wapo wanaoona kwamba ni simulizi iliyokuja kuziunganisha jamii tisa chini ya asili moja. Kwa mwanafunzi wa fasihi, swali la manufaa zaidi ni hili: masimulizi hayo yamefanya nini? Yamehifadhi miti. Sehemu kubwa ya msitu wa pwani imekatwa, huku kaya zikisalia kama visiwa vya kijani katikati ya mashamba. Mwaka 2008 misitu 11 ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuna ua wa seng'enge uliofanya kazi hiyo. Ilifanywa na mwiko, na mwiko ulikuwa na hadithi nyuma yake.

Kaya pia zinakuonyesha jinsi tukio la kihistoria linavyopanda juu ya simulizi la kale. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala viapo vya kukataa kuwatumikia Waingereza na kulipa kodi yao. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Fikiria kidogo kuhusu uamuzi huo. Serikali haipotezi baruti kwa miti na hadithi tupu. Waliotoa amri walielewa, pengine kuliko baadhi ya wanafunzi wangu, kwamba kiapo kilikuwa na nguvu kwa sababu ya mahali kilipoliwa. Leo ukitajiwa Kaya Fungo utasimuliwa mababu na Mekatilili kwa pumzi moja.

Tishio la siku hizi ni la kimyakimya: shoka, machimbo, hoteli, hati za ardhi zinazopita mikononi mwa watu wasiowahi kusikia kisa chochote. Kijana asiyesimuliwa anaona mbao pale ambapo babu yake aliona kaburi.

Hati kabla ya hati

Nitalipitia hili haraka. Kisasili cha Wagikuyu, ambacho Jomo Kenyatta alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1938, kinaeleza kwamba Ngai alimwonyesha Gikuyu nchi kutoka Kirinyaga, akamwelekeza mahali pa kujenga, Mukurwe wa Nyagathanga, ambapo leo ni Kaunti ya Murang'a. Hapo akampata Mumbi, wakazaa mabinti, na ukoo wa kila binti ukachukua jina lake. Ukisoma kwa makini utaona kwamba kisa hiki kinagawa ardhi na kuhesabu koo. Mlima ni shahidi, mti ni mpaka. Kabla ya ofisi ya ardhi, mtu angethibitishaje kwamba hapa ni kwao? Angesimulia.

Kuutambua utanzu

Mahali pamoja huweza kubeba tanzu kadhaa, na hapo ndipo watahiniwa huteleza. Gikuyu na Mumbi ni kisasili bila ubishi: kinaeleza asili ya jamii, kinahusisha Mungu, na wenyewe hukiona kuwa kweli. Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo aliyechomwa mkuki kwenye kivuli akageuka jiwe, ni mighani, hata kama jiwe lake huonyeshwa hadi leo, kwa sababu kiini ni shujaa na siri ya nguvu zake. Fumo Liyongo ni vivyo hivyo; kaburi linalosemwa kuwa lake huko Ozi, karibu na mdomo wa Mto Tana, halimgeuzi kuwa kisasili. Mekatilili na kiapo cha 1913 ni mapisi, japo kadiri miaka inavyosonga anazidi kuvikwa vazi la mighani.

Na Simbi Nyaima? Ni ngano ya usuli, kwa kuwa inaeleza chanzo cha ziwa. Hata hivyo, mtahiniwa akisema ni kisasili akatoa ushahidi kwamba jamii hukichukulia kuwa kweli na mahali penyewe huogopwa, mimi humpa alama. Nisichompa alama ni jibu lisilo na sababu. Jibu zuri linaweza kuwa hivi: "Hii ni ngano ya usuli. Kisa kinaeleza jinsi ziwa lilivyotokea baada ya kijiji kugharikishwa. Kinafafanua umbo la mviringo na maji yasiyonyweka kwa kuyahusisha na boma lililomnyima mgeni. Kinaonya dhidi ya uchoyo na ulevi kupitia mume anayekataa kuondoka." Hapo kuna utambuzi, ushahidi kutoka kwenye kisa, na dhima.

Ukitumwa nyanjani

Huna haja ya kusafiri hadi Kendu Bay. Karibu kila kata ina mti usiokatwa, chemchemi isiyofuliwa nguo au jiwe ambalo watoto hukatazwa kulikalia. Anza na katazo, kisha uulize sababu yake. Waulize watu wawili au watatu wa rika tofauti, kila mmoja peke yake, ili upate matoleo. Andika aliyesimulia ni nani kwa umri na jinsia, alisimulia wapi, na alifanya nini kwa mikono na sauti alipofika penye utisho. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Mzee akikuambia kuna sehemu ya kisa isiyosimuliwa mchana, au isiyosimuliwa mtu wa rika lako, usimshurutishe. Andika kwamba alikataa na sababu aliyoitoa.

Kama mahali penyewe ni pa ibada, nenda na mwenyeji, vua viatu ukiambiwa uvue, na usiondoke hata na kijiwe.